Kibuyu Kilichomtangulia Mtemi

Siku tuliyomzika mke wangu, mzee wa kanisa alisimama na karatasi akasoma historia ya marehemu. Zipora binti Sila. Mwaka wa kuzaliwa haukuandikwa. Alibatizwa, akaolewa na Yoramu, ndiye mimi, akazaa watoto sita, wakabaki watatu. Kazi yake, mkulima. Mzee akakunja karatasi, tukaimba.

Hakukosea. Zipora alishika jembe mpaka miguu ilipokataa. Lakini kazi yake hasa haikuwamo kwenye karatasi ile. Aliifanya miaka arobaini na saba, na watu waliiona kila mara bila kujua kuwa ni kazi. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikanyamaza, maana pale hapakuwa pa kusema. Sasa nasema. Yeye na yule aliyemfanyia kazi wote wamelala, na wote wawili waliniruhusu.

Baba yake Zipora, mzee Sila, alichunga ng'ombe wa Mtemi Ndahani, hapa hapa kijijini kwetu Chihembe, ng'ambo ya Hombolo. Vijana hawamjui mtemi. Mtemi ndiye aliyetutawala kabla ya Uhuru. Aliamua kesi, aligawa mashamba, na watu waliamini kwamba mvua iko mkononi mwake. Mwaka wa jua kali walimpelekea ng'ombe mweusi. Ndahani alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti nzito. Akikohoa nje ya baraza, wazee waliokaa ndani walisimama. Nimewaona wanaume wazima wakitetemeka mbele yake kwa kesi ya mbuzi mmoja.

Zipora alikuwa na miaka kama kumi. Kazi yake pale kwa mtemi ilikuwa kusaga uwele kwa jiwe, yeye na wasichana wengine. Siku moja mchana wenzake wamekwenda kuchota maji, akasikia kishindo chumba cha ndani. Akaenda. Alimkuta mtemi amesimama juu ya kigoda chake, kile cha enzi, mgongo ukutani. Jasho lilimtiririka. Mdomo ulikuwa wazi na sauti haitoki. Chini, kati yake na mlango, alikuwapo paka. Paka mdogo tu, wa kijivu, anajilamba mguu.

Zipora alimnyanyua paka kwa ngozi ya shingo, akatoka naye mpaka nyuma ya zizi, akamwachia kule. Akarudi kwenye jiwe lake akaendelea kusaga. Hakumwambia mtu.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza, "Wewe mtoto vile, hukucheka?"

"Ningecheka nini? Alikuwa anaogopa."

Siku ya tatu mtemi alimwita. Neno paka hakulitamka. Alisema, "Tangu leo utanitangulia. Kila nyumba." Zipora akaelewa.

Ikawa hivi. Mtemi alipokwenda mahali, iwe msiba, iwe harusi, iwe baraza la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, kule mjini, Zipora aliingia kwanza na kibuyu cha maji kichwani. Aliangalia chini ya kitanda. Aliangalia nyuma ya kihenge cha nafaka, juu kwenye boriti za tembe, zile nyumba zetu za paa bapa la udongo, na kwenye majivu ya jikoni ambako paka hufuata joto. Akimkuta alimtoa kwa uani, chini ya kaniki yake. Halafu alitoka mbele, akaweka kibuyu chini, upande wa kulia wa mlango. Mtemi akiona kibuyu kimewekwa aliingia. Asipokiona alisimama nje akawauliza watu habari za mifugo, kama mtu asiye na haraka.

Kibuyu alikibuni Zipora mwenyewe. Alihitaji sababu ya kuingia ndani ya nyumba za watu, akaona aseme kwamba ni maji ya kumnawisha mtemi.

Watu wakajielezea wenyewe. Mtemi ni wa mvua, basi maji yanamtangulia. Ni mila. Haikupita miaka mitano wazee wakawa wanaapa kwamba hata babu yake Ndahani alitanguliwa na kibuyu. Vijiji vya jirani vikaiga. Siku ya kwanza ya kupanda, mtu aliweka kibuyu cha maji mlangoni kwake, upande wa kulia, asubuhi mpaka jioni. Hata leo wapo wanaoweka.

Nilimwoa Zipora kabla ya Uhuru. Alinipa masharti mawili. La kwanza, mtemi akimwita atakwenda. La pili, nyumbani kwetu asikae paka. Nikadhani ni mwiko wa ukoo wao, nikakubali. Tulipopata mtoto wa kwanza, Ruthu, nikawa Baba Ruthu. Hilo ndilo jina aliloniita tangu hapo.

Uhuru ukaja, serikali ikafuta utemi. Ndahani akabaki mzee mwenye ng'ombe wachache na koti kuukuu. Kisha ikaja ile operesheni ya vijiji, tukabomolewa tembe zetu za porini, tukapangwa kwa mistari. Nyumba yake ikawa ya tatu kutoka barabarani, sawa na za watu wote.

Mwaka uliofuata panya walituingilia. Walikula mbegu ya uwele, wakala karanga, wakatafuna hata mkanda wangu wa ngozi. Kijiji kizima kilifuga paka isipokuwa sisi na mzee Ndahani. Nilichoka. Nikaomba paka jike kwa jirani, nikamleta ndani ya kapu.

Zipora alikuwa anasonga ugali. Alipomwona aliacha mwiko ndani ya chungu. Alimtoa kapuni akamweka kifuani. Hapo niliona jambo ambalo sikulitegemea. Paka alitulia, na Zipora akafumba macho. Kumbe alikuwa anapenda paka. Alimshika hivyo kitambo, ugali unaungua. Halafu akamrudisha kwa jirani, akaoga mwili mzima, akafua kaniki yake na kuianika. Alipoingia ndani alikuwa analia.

"Ni harufu," alisema. "Akiisikia kwangu, hataniamini tena."

"Nani?"

Ndipo akanieleza yote niliyokwisha kuwaeleza ninyi. Alipomaliza akasema, "Baba Ruthu, haya nimekupa wewe. Mtu mwingine hayupo."

"Hayupo," nikasema.

Panya wakaendelea kula. Mimi nilinyamaza, ila rohoni sikutulia. Siku moja alikuwa anatoka na kibuyu, nami nina njaa, nikamwambia, "Yule si mtemi tena. Serikali imesema."

"Serikali imemwondolea utemi," alinijibu. "Paka haikumwondolea." Akaenda.

Ikafika miaka ya ruksa. Zamani nafaka yetu ilinunuliwa na serikali peke yake. Sasa mtu yeyote mwenye lori alinunua. Soko la Majengo, mjini, lilijaa magunia, mitumba, redio, sabuni za kila rangi. Mimi nilikuwa napeleka uwele kwa mfanyabiashara mmoja, Abbasi, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mnene, mwenye maneno.

Wanyamwezi na sisi Wagogo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana, anakuvua kofia, anakula chakula chako. Msibani ndiyo zaidi. Anaweza kulala njiani akazuia jeneza mpaka apewe kitu. Hukasiriki. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Siku hiyo Abbasi alinipokea kwa salamu yetu. "Mbukwenyi, watu wa njaa! Leo umeleta uwele au umeleta kokoto?"

"Uwele. Kokoto tunawapikia Wanyamwezi."

Wapagazi walicheka. Nikakaa juu ya gunia. Ghala lake lilikuwa na paka sita, wamelala juu ya mali kama wenyewe.

"Mama Ruthu hajambo?" aliniuliza. "Nasikia bado anambebea maji yule babu."

"Anamtangulia. Ni mila."

"Mila! Utemi umekufa miaka thelathini, mtani. Hebu nikuulize. Yule mwanamke ulimwoa, au ulishikishwa kamba tu umchungie mwenyewe?" Wapagazi wakapiga makofi. "Mwanamume mwenzako akikohoa huko, mkeo anaacha chungu motoni anakwenda. Wewe unabaki unageuza ugali! Mgogo gani wewe?"

Ulikuwa utani. Ningemjibu kwa utani yangeisha pale. Lakini aliyoyasema nami nilikuwa nimejiuliza karibu miaka arobaini, peke yangu. Yalinichoma. Nikataka mtu mmoja ajue kwamba mke wangu hamtumikii mwanamume, anamsitiri. Nikamvuta Abbasi nyuma ya magunia nikamwambia. Maneno machache. Nikamwonyesha na kidole, paka mmoja aliyekuwa anapiga miayo.

Abbasi hakucheka. Aliguna. "Mtu mkubwa vile?"

"Mkubwa vile."

Nikanunua chumvi na sukari, nikarudi nyumbani. Njiani nilijisikia mwepesi. Nasema kweli.

Miezi miwili baadaye alifariki Bibi Anjelina, mke wa mtemi. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, basi msiba ulijaa. Walikuja wa chama hiki na wa chama kile, kila mmoja na gari lake, kila mmoja anataka aonekane ameketi karibu na mzee Ndahani. Utemi haukuwapo, lakini jina lilikuwapo. Zipora aliwahi tangu asubuhi. Alipekua nyumba yote na uwanja, chini ya viti vya kuazima, chini ya magari. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, nilimwona akishika ukuta kila anapoinuka. Mwisho aliweka kibuyu mlangoni. Mtemi akatoka chumbani akaketi nje chini ya turubai, juu ya kigoda chake, fimbo mkononi.

Saa nne watani wakaingia. Walikuja na lori la Abbasi, wamejipaka majivu, wanaume wamevaa kanga. Abbasi mbele, gunia begani. Alijitupa chini mavumbini katikati ya uwanja.

"Hazikwi mtu hapa!" alipiga kelele. "Marehemu alikuwa mchumba wangu! Huyu mzee alinipora kwa sababu ya cheo!"

Watu wakacheka. Kwenye msiba wetu kicheko cha namna hiyo kinaruhusiwa, kinapumzisha wafiwa. Mtemi mwenyewe alitabasamu.

"Ulichelewa, Mnyamwezi," alisema. "Ulikuwa bado unatembea kwa miguu kutoka Tabora."

"Basi nimekusamehe! Tena nakuonea huruma, umebaki mgane. Nimekuletea mke mwingine wa kukupasha joto!"

Akafungua gunia.

Alitoka paka jike mweusi, mkubwa, amechanganyikiwa na safari. Aliona watu pande zote. Alitafuta kivuli, akakimbilia chini ya kigoda.

Fimbo ya mtemi ilianguka. Alijaribu kuinuka, akarudi nyuma, akagonga ukuta, akateleza mpaka chini. Mdomo ukafunguka na sauti ikatoka, nyembamba, kama ya mtoto aliyeungua. Watu walizidi kucheka. Walidhani mzee anajibu utani. Kisha kicheko kikaanza kufa, huku mmoja, huku mwingine. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka kwake. Niliona suruali yake inaanza kulowa. Bado kidogo tu, na wote wangeona.

Zipora alikuwa mlangoni. Hakukimbia. Aliinama akakichukua kibuyu, akaja, akammwagia mtemi maji yote, kuanzia kifuani mpaka miguuni. Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, wala sikuisikia tena:

"Maji yamemtangulia! Maji yamfuate!"

Akapiga kigelegele. Wanawake wakaitika, uwanja ukajaa vigelegele. Kwao mtemi alikuwa ameogeshwa kwa ajili ya mkewe. Maji yakatiririka chini, hakuna mtu aliyejua yapi ni yapi. Mzee aliyekaa karibu yangu alitikisa kichwa kwa heshima. "Hata babu yake alifanyiwa hivi," aliniambia.

Zipora alimvuta paka kutoka chini ya kigoda, akamfunika kwa kanga, akaondoka naye kwenda uani. Njia yake ilipita mbele yangu. Alinitazama. Hakusimama.

Siri ile iliwekwa na watu watatu. Mmoja ni mtemi, mmoja ni yeye.

Baada ya maziko Abbasi alinijia, majivu bado usoni. "Mtani, nilijua atashtuka tu. Sikujua vile."

"Nenda zako."

"Utani haushitakiwi," alisema. Lakini alisema akiangalia viatu vyake, na habari za paka wake hakuniuliza.

Nyumbani Zipora hakunigombeza. Aliweka ugali na mlenda, akaniletea maji ya kunawa. Akasema, "Karibu chakula, Yoramu."

Yoramu. Kama karani anayeita majina. Asubuhi yake, Yoramu. Wiki iliyofuata, Yoramu. Alipika, alifua shati langu, alinipaka dawa mgongoni. Hakuna jirani ambaye angesema tuna ugomvi. Lakini jina alikuwa ameliondoa, na kila aliponiita nilisikia mahali lilipokuwa. Nikawa nataka jambo moja tu duniani, aniite tena. Kumwomba sikuweza. Ningeombaje?

Mwezi ulipita, mtemi akaniita. Nilimkuta chumbani amekaa kitandani. Nikapiga goti nikamwamkia.

"Mtani hana kosa," alisema.

"Ndiyo, mtemi."

"Mkeo hana kosa."

"Ndiyo, mtemi."

"Amebaki nani?"

"Mimi."

Nilingoja faini. Nilikuwa tayari hata kwa ng'ombe wote. Badala yake akaanza kuongea taratibu, anaangalia dirishani.

"Zamani nilimuuliza padri mmoja, kwa kuzunguka, kama kuna watu wa namna hii. Sikumwambia ni mimi. Akasema huko kwao Ulaya wanasimulia habari za wafalme, watu walioteka nchi za wenzao, wenye majeshi, na wakimwona paka wanatoka jasho. Akasema hajui kama ni kweli au ni maneno ya maadui zao. Nilifurahi siku ile, Yoramu. Hata kama ni uongo. Nilikuwa nadhani Mungu amemfanya mmoja tu."

"Ilianza lini, mtemi?"

"Sijui. Ningejua ilikoanzia ningeirudisha." Akanigeukia. "Miguu ya Zipora imevimba. Hawezi tena kuinama chini ya vitanda. Utanitangulia wewe."

"Na kibuyu?"

"Na kibuyu."

Mwanamume mzima, mvi kichwani, na kibuyu juu yake. Walinicheka. Kisimani wanawake waliniuliza, "Yoramu, umeolewa lini?" Vijana waliniita Mama Maji. Niliingia nyumba za watu, nikapiga magoti, nikachungulia. Nilijifunza mahali paka wanapojificha. Nyuma ya mtungi. Ndani ya kapu la nguo za mtoto. Kanisani nilimkuta mmoja na watoto wanne chini ya meza ya mhasibu, akanikwaruza mkono mpaka damu. Nilirudi na mkono ule nikauosha mara tatu kabla ya kwenda karibu na mtemi. Nikaelewa kaniki iliyokuwa inafuliwa nyumbani kwangu miaka yote ile.

Na kitu kingine nilikielewa. Nilipotoka na kuweka kibuyu chini, mtemi alikuwa amesimama nje anaongea habari za ng'ombe, lakini macho yake yako mlangoni. Akikiona kibuyu, mabega yake yalishuka. Kidogo tu, hakuna mtu mwingine ambaye angeliona hilo. Mtu mwenye sauti ile, aliyewasimamisha wazee kwa kikohozi, alikuwa amenipa mabega yake niyashike. Zipora alipewa akiwa na miaka kumi, akayashika bila kudondosha. Mimi nilipewa nikiwa mzee, na tayari nilikuwa nimeyadondosha.

Nilimtumikia miaka miwili. Zipora aliniona natoka, aliniona narudi. Hakusema kitu. Siku moja tu aliniambia, "Yoramu, kwenye tembe ya akina Evodia angalia juu ya mlango kwa ndani. Pana tundu." Nikaangalia. Palikuwa na paka.

Mwaka wa tisini na saba jua lilikuwa kali. Uwele ulikauka ukiwa wa kufika magotini, watu walichimba mtoni kutafuta maji. Mtemi alilala hakuinuka tena. Alituita mimi na Zipora, akawatoa wengine.

"Nikifa msinyamaze," alisema. Sauti ilikuwa imekwisha, tuliinama kumsikia. "Watu wanaweka maji mlangoni kutwa na watoto wana kiu. Waambieni. Kibuyu ni cha paka. Mvua sikuwahi kuwa nayo."

"Baba, watakucheka," Zipora alisema.

"Watamcheka mtu asiyekuwapo."

Zipora alifuta uso wake kwa upindo wa kanga. "Mimi sitaweza kusema nikiwa hai. Nikitangulia au nikifuata, Yoramu atasema." Akanitazama. "Yoramu anajua kusema."

Mtemi alifumba macho. Nadhani alitabasamu, sina hakika.

Alifariki siku mbili baadaye, alfajiri. Walipomlaza chumba cha mbele, Zipora alikuja na mkeka wake akakaa mlangoni upande wa kulia, mahali pa kibuyu. Mimi nikakaa upande wa kushoto. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo. Watu waliingia na kutoka kati yetu kutoa heshima. Jua likapanda, kivuli cha ukuta kikanihama. Nilibaki kwenye jua. Sikutaka kuondoka.

Karibu na saa sita alikuja paka juu ya ukuta, wa manjano, mwembamba kwa ule ukame. Aliteremka karibu na dirisha. Zipora alitaka kuinuka, magoti yakakataa. Nikainuka mimi. Nilimnyanyua kwa ngozi ya shingo kama alivyofanya yeye mtoto, nikampeleka nyuma ya zizi, nikamwachia. Mtemi alikuwa amekufa, asingemwona. Nilimpeleka mbali vile vile.

Niliporudi, Zipora alikuwa amejisogeza kwenye mkeka wake, ameacha nafasi.

"Njoo ukae kivulini, Baba Ruthu," alisema.

Nikakaa.

Mwisho wa mwaka ule ilinyesha ile mvua waliyoiita elinino. Barabara ya Dodoma ilikatika, mashamba ya zabibu yalisimama ndani ya maji. Watu wakasema mtemi amekwenda kuifuata mvua na ameileta. Mimi na Zipora tulitazamana, tukaendelea kukinga ndoo.

Kufikia hapo Zipora alikuwa haamki tena bila kushikwa. Uvimbe ulikuwa umepanda kutoka miguuni. Asubuhi moja aliniambia, "Nataka paka."

Nilikwenda Majengo kwa miguu mpaka palipofika gari. Abbasi aliponiona hakuniita mtu wa njaa. Nilimweleza. Alizunguka ghalani mwenyewe, akachungulia nyuma ya magunia, akatoka na mtoto wa paka, mweusi, kifua cheupe.

"Huyu hana kelele," alisema. "Mwambie Mama Ruthu..." Akatafuta neno, yeye mwenye maneno, hakulipata. Akamfunga vizuri ndani ya kapu, akaweka kipande cha gunia asipate baridi.

Zipora alimweka kifuani akafumba macho, kama siku ile ya panya. Safari hii hakumrudisha, wala hakwenda kuoga.

"Ametoka kwa nani?"

"Kwa Abbasi."

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba wa Bibi Anjelina. "Basi ndiyo jina lake." Tangu hapo nyumba yetu ilijaa jina hilo. Abbasi, shuka kwenye uji. Abbasi, mwache Baba Ruthu alale. Wageni walidhani tunamsema mtu. Zipora alikaa naye majuma kumi na moja.

Alifia hospitali mjini, mwezi wa tano. Gari lililomleta lilisimama barabarani mchana, watu wamejaa uwanjani. Wanaume walishusha jeneza, wanawake wakaanza kutandika chumba. Niliwaambia wasubiri.

Nilichukua kibuyu kwenye ndoana yake, nikachota maji, nikakiweka kichwani. Nikaingia peke yangu. Nilipiga magoti nikaangalia chini ya kitanda. Nikaangalia nyuma ya kihenge, juu kwenye boriti, kwenye majivu. Nilimkuta Abbasi amelala juu ya kaniki ya Zipora, ile ya siku zote, pua ameiingiza kwenye mkunjo. Aliinua kichwa akanitazama.

Sikumtoa.

Nikatoka nje, nikaweka kibuyu upande wa kulia wa mlango. Wazee walitikisa vichwa.

"Aingie," nikasema.